Hofu na imani katika hadithi: Janet mwenye shingo iliyopinda



Ukurasa huu wa masomo kwa kawaida ni wa walimu. Mara hii wametuachia sisi kapita wa interna, tulio katika mwaka wa sita na ambao tungepaswa kuwa tunarudilia hesabu juu ya ekzame ya Leta. Hatukupewa kuandika kwa sababu tuna akili kupita wengine. Tumepewa juu ya lile jambo la matela, ambalo watu wote wa interna wanalijua, na wale wanaolala kwao wamelisikia kwa namna nyingi, zingine za uongo kabisa. Tutafika pale. Lakini inafaa kwanza tuseme hadithi, kwa sababu jambo lenyewe lilitoka katika hadithi.

Hadithi inaitwa «Thrawn Janet». Lile neno la kwanza ni la Kiskoti, maana yake kitu kilichopinda ao kilichopotoka. Robert Louis Stevenson aliiandika mwaka wa 1881 karibu na Pitlochry, katika milima ya Uskoti, nchi ile tunaita kwa Kifaransa Écosse. Ni nchi ya Livingstone, ambaye alifika Nyangwe, kule Maniema, mwaka wa 1871. Kanisa la Uskoti liligeuka la Kiprotestanti tangu mwaka wa 1560, kwa hiyo pasta, wazee wa kanisa na mahubiri marefu ya hadithi hii si vitu vigeni kwetu. Stevenson ndiye pia aliyeandika «L'Île au trésor», ambayo wengi wenu mmeisoma, na habari ya Daktari Jekyll iliyotoka mwaka wa 1886. Hii ya Janet ni fupi, mtu anaweza kuimaliza kwa saa moja. Lakini tuonye: karibu yote imeandikwa kwa Kiskoti cha kijijini, na bila mwalimu wetu wa Kiingereza tungeshindwa kwenye ukurasa wa pili.

Inaanza hivi. Pasta Murdoch Soulis ni mzee mkali, uso mkavu, anaishi peke yake katika nyumba ya pasta kando ya mto Dule, bila ndugu, bila mtumishi. Kila mwaka, siku ya Mungu inayofuata tarehe 17 ya mwezi wa nane, anahubiri juu ya 1 Petro 5:8, habari ya simba anayenguruma. Anahubiri kwa namna ambayo watoto wanashikwa na woga. Usiku watu hawapendi kupita karibu na nyumba yake. Sababu gani? Hapo mzee mmoja wa kijiji anachukua neno na kusimulia mambo ya miaka hamsini nyuma.

Wakati ule Soulis alikuwa kijana, ametoka tu katika masomo, na vitabu vingi kupita vile watu wa pale walikuwa wamekwisha kuona. Wazee waliona Biblia moja ingetosha. Akatafuta mama wa kumpikia, na bwana mkubwa wa mahali pale akamwonyesha mwanamke mzee, Janet M'Clour. Kijiji kikakataa. Zamani Janet alizaa mtoto na askari. Tangu miaka mingi hakufika kwenye Meza ya Bwana. Tena alionekana wakati wa giza akisemasema peke yake, mahali ambapo mtu mwenye kumwogopa Mungu hapiti. Soulis hakusikiliza. Basi siku moja wanawake wa kijiji wakamkamata Janet, wakampasulia nguo, wakamvuta mpaka mtoni waone kama ni mlozi, kama atazama ao ataelea. Akizama si mlozi. Akielea ni mlozi. Mtaona wenyewe kwamba katika jaribu hili hakuna namna ya kurudi nyumbani mzima.

Pasta kijana akakimbia pale, akamwokoa mikononi mwao. Akamuuliza mbele ya wote kama yeye ni mtu wa Shetani, Janet akasema hapana. Akamwambia amkane Shetani na kazi zake, Janet akainua mkono, akamkana. Kisha pasta akawarudisha wale wanawake nyumbani wakaombe msamaha kwa Mungu, na akampa Janet mkono wake, yeye aliyebaki na nguo ya ndani tu, akamsindikiza katikati ya kijiji mpaka mlangoni kwake, kama vile mtu anavyosindikiza bibi mwenye heshima. Katika hadithi yote, mahali pale ndipo tunampenda pasta kuliko pengine pote.

Kesho yake Janet akaonekana njiani. Shingo imepinda, kichwa kimelala upande mmoja kama cha mtu aliyenyongwa, mdomo umekaa vibaya. Hakuweza tena kusema kama watu. Meno yake yalikuwa yanagongana kama makasi. Kijiji kikasema huyu si Janet, Janet amekufa, aliye ndani ya mwili ni mwingine. Pasta akawahubiri kwa nguvu: ninyi ndio mliomtesa, na sasa amepatwa na ugonjwa wa kupooza. Akamchukua kwake, wakakaa.

Ikaja joto la mwaka wa 1712. Pasta akaona kati ya makaburi ya zamani mtu mweusi ameketi, akamfuata, na mtu yule akaingia katika nyumba yake na kupotea. Hapa darasa letu lilisimama. Mwalimu alieleza kwamba Waskoti wa zamani waliamini Shetani anatokea kama mtu mweusi, na Stevenson alichukua imani yao jinsi ilivyokuwa. Vema, tumeelewa. Lakini sisi tunaosoma tukiwa ndani ya ngozi hii hatuwezi kupita pale kama vile hatukuona. Mwenzetu mmoja alikumbusha Batumbula wa Katanga, ambao babu zetu waliwaogopa wakati wa ukoloni, waliosemekana kukamata watu usiku juu ya Wazungu. Akasema kila watu wanampa Shetani ngozi ya mgeni. Tulicheka, lakini haikuwa mchezo, na litarudi mbele kidogo.

Usiku wa tarehe 17 ya mwezi wa nane, pasta anasikia kelele katika chumba cha Janet, kama watu wanapigana. Anaingia na mshumaa. Janet ananing'inia kwenye msumari, na kamba yenyewe ni uzi mmoja mwembamba wa kutengeneza soksi. Pasta anafunga mlango kwa ufunguo, anashuka chini. Kisha anasikia miguu inatembea kule juu, mlango unafunguka, miguu inashuka ngazi. Anatoka nje, mshumaa unazimika, na maiti inamjia polepole. Ndipo anapiga kelele, anamwita mlozi na ibilisi, anamwamuru kwa nguvu za Mungu aende: kama amekufa aende kaburini, kama amehukumiwa aende jehanamu. Moto wa mbinguni unapiga, mwili unateketea pale pale, ngurumo na mvua zinafuata. Pasta anaugua siku nyingi sana, anasema ovyo kitandani. Alipopona akawa yule mzee mkali mliyemwona mwanzoni.

Sasa somo. Swali la mwalimu lilikuwa: hadithi hii inatisha kwa nguvu gani? Wengine walijibu maiti, wengine usiku. Jibu ambalo lilitushika sisi ni hili: inatisha kwa nguvu ya imani. Mtu asiyeamini kwamba kuna Mungu, kuna hukumu, na kuna adui wa roho, ataona pale mwanamke mgonjwa na radi tu. Sisi tunaosali asubuhi na jioni tunasikia baridi, kwa sababu tunajua majina yanayotajwa. Mwandishi wa hadithi za namna hii anaazima kitisho chake katika kanisa. Kuazima si kuiba. Biblia yenyewe inasimulia Sauli akienda usiku kwa mwanamke wa Endori (1 Samweli 28), na yule mtu wa makaburini aliyevunja minyororo (Marko 5). Kwa hiyo hatukubaliani na wenzetu wanaosema Mkristo asisome hadithi za kutisha hata kidogo.

Lakini angalieni nani anasimulia. Si Stevenson, ni mzee wa kijiji, mtoto wa kijiji kile kile ambacho mama zake walimvuta Janet mtoni. Kama Janet alikuwa mwanamke mgonjwa tu, basi wao ndio waliomvunja. Kama alikuwa maiti inayotembezwa na Shetani, basi wao walikuwa na haki na pasta alikosa. Kijiji kina faida hadithi iwe ya pili. Tena usiku ule ndani ya nyumba hakukuwa na mtu mwingine, ni pasta peke yake, na nyuma yake akaugua. Watu wengine walisema kesho yake walimwona mtu mweusi akipita njiani. Hao nao ni wa kijiji. Stevenson hasemi kwetu ni ipi. Katika darasa letu watu waligawanyika, na wengine walibaki wanaamini maiti mpaka kengele ikalia.

Kitu kimoja hatukukiona mara ya kwanza. Siku ya mtoni, neno «mlozi» lilikuwa la wanawake, na pasta alilikataa. Usiku wa mwisho neno lile linatoka mdomoni mwa pasta. Tangu pale hakumpa mtu mkono tena. Imani yake haikuisha, alihubiri miaka hamsini mingine! Upole ndio uliisha.

Stevenson alijua mambo haya tangu utoto. Alizaliwa Edinburgh mwaka wa 1850, mtoto wa mgonjwa-mgonjwa, baba ya mama yake alikuwa pasta. Mlezi wake, Alison Cunningham, alimpenda sana, alikesha naye usiku wa kikohozi, na alimsomea Biblia na habari za wafia-dini wa Uskoti, na za jehanamu pia. Mtoto aliota ndoto mbaya, akaogopa kulala asife katika dhambi. Alipokuwa kijana wa miaka 22 alimwambia baba yake kwamba haamini tena kama wao, na nyumba yao ikawa kama ya matanga. Hata hivyo, mwaka wa 1885 kitabu chake cha mashairi ya watoto alikitoa kwa heshima ya mlezi yule yule. Hatujui tumhukumu mlezi namna gani. Mke wake Stevenson ameandika kwamba alipomsomea habari ya Janet, mwandishi mwenyewe aliogopa, na wote wawili wakashuka ngazi wameshikana mikono.

Na si hadithi tupu. Sheria ya Uskoti juu ya ulozi iliwekwa mwaka wa 1563 na ikafutwa mwaka wa 1736 tu, maana yake mwaka wa 1712 ingali ilikuwa na nguvu. Wanahistoria wa Edinburgh wamehesabu watu zaidi ya 3800 walioshitakiwa, walio wengi wanawake, na wanafikiri watu karibu 2500 waliuawa. Mapasta na wazee wa kanisa walikuwa kati ya waliouliza maulizo na kupeleka watu mbele ya waamuzi. Walikuwa Waprotestanti kama sisi, wenye Biblia mkononi. Mwaka wa 2022 mkubwa wa serikali ya Uskoti aliomba msamaha mbele ya watu, na mwaka ule ule Kanisa la Uskoti katika mkutano wake mkuu likaomba msamaha vilevile. Wale walioombwa msamaha walikuwa wamekufa tangu miaka mia tatu.

Tumefika kwenye matela.

Ijumaa ile ya mvua umeme haukuwapo. Sisi wakubwa wa mwaka wa sita tuliingia katika chumba cha wadogo na kuwasimulia Janet. Tulisimulia vizuri, tuseme ukweli, na tulipenda namna walivyojikunja ndani ya bulangeti. Meno ya Janet tuliyafanya kwa meno yetu wenyewe: tik, tik, tik. Habari ya wanawake na mto tuliikata. Ilikuwa ndefu na haikutisha.

Katika chumba kile kuna ndugu mdogo ambaye tangu alipofika anasaga meno akilala. Muuguzi amekwisha kusema ni jambo la kawaida, watoto wengi wanafanya hivyo na linaisha lenyewe. Usiku wa pili, saa nane ya usiku, mmoja akaamka akasikia. «Musikie! Iko anafanya sawa Janet!» Mwingine: «Huyu mutoto ni mulozi, mumutoshe inje!» Wakamtoa, yeye na matela yake, wakamweka barazani, wakafunga mlango. Wanne kati yao walipiga magoti wakafukuza pepo kwa jina la Yesu, kwa sauti. Wamesemwa kwamba walikuwa wanacheza ao wanatesa. Hapana. Waliogopa kweli na waliomba kweli, na ndiyo sababu jambo ni zito.

Na sisi? Kitanda cha kapita kiko upande wa pili wa ukuta. Tulisikia yote. Tulisema moyoni: watanyamaza. Na kwa sababu tumeagizwa kuandika bila kuficha, tuongeze hili: saa ile, katika giza lile, na meno yale, sisi wenyewe tulisikia baridi mgongoni. Sisi tuliosimulia! Hatukuamka.

Saa kumi na moja mama wa jikoni alipokuja kuwasha moto alimkuta ameketi juu ya matela, amefunika kichwa. «Mwanangu, unafanya nini hapa?» Akajibu: «Mama, naogopa kulala, meno itafanya tena.» Alikuwa amekesha kusudi asisage meno. Siku ile, nyuma ya chakula cha mchana, alitufuata nyuma ya kapela akatuuliza: «Yaya, mutu anaweza kuwa mulozi bila yeye kujua?» Tulimjibu hapana. Tulimjibu haraka sana, na tukaona hakusadiki.

Aliuliza vile kwa sababu amesikia kwamba mtoto anaweza kupewa ulozi usiku ndani ya chakula, karanga ao kipande cha mkate, na asubuhi hajui kitu. Tumeyasikia sisi wote, na tumeyaona katika filamu. Filamu za Kikristo za kutisha kutoka Nigeria zimefika kila mahali. «Living in Bondage» ya mwaka wa 1992 inaonyesha mume aliyetoa mke wake kafara juu ya mali, na mke aliyekufa anamtokea. Pale hofu inamwangukia mwenye kosa, na katika sehemu ya pili kanisa linamfungulia mlango wa kutubu. Filamu ile hatuna neno nayo. Lakini «End of the Wicked» ya mwaka wa 1999 inaonyesha watoto wadogo wanaingizwa katika kundi la walozi usiku, na wanaharibu jamaa zao. Mwenye kuiangalia anarudi nyumbani na kumwangalia mtoto wake. Tena kuna vitabu na kaseti za ushuhuda, zinazosema haya si hadithi, ni kweli tupu. Stevenson alimweka mzee wa kijiji katikati ili tuweze kuuliza. Kaseti haikubali kuulizwa.

Hapa kwetu watoto wamefukuzwa majumbani kwa neno hilo, Kinshasa na pengine. Ndiyo sababu Katiba ya mwaka wa 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto ulozi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009 inaweka azabu. Baba Prefe alitusomea vifungu hivyo chini ya bendera. Tulikuwa tumejifunza Katiba katika sivismu, tukapata hata alama nzuri, na usiku ule hakuna aliyeikumbuka.

Mwalimu wa dini alitutuma tusome tena 1 Petro 5:8, andiko la pasta Soulis. Tulidhani tunalijua. Petro anamwambia kila msomaji awe na kiasi na akeshe, sababu simba anazunguka. Hakumtuma mtu kutafuta simba ndani ya kitanda cha mwenzake. Na mstari unaofuata unawakumbusha ndugu wanaopata mateso yale yale. Soulis alihubiri mstari wa nane miaka yote ile. Ule wa tisa hadithi haiutaji.

Tena alitupeleka Marko 6, usiku wa tufani. Wanafunzi wa Yesu walimwona akija juu ya maji, wakadhani ni kivuli cha mtu aliyekufa, wakapiga kelele. Walikuwa naye kila siku na hawakumtambua. Mmoja wa wale wadogo wanne waliofukuza pepo aliuliza: kama wangekuwa na mlango katika mashua ile, wangeufunga? Mwalimu alinyamaza kidogo, akasema andika swali lako. Tumeliandika hapa jinsi lilivyo.

Matela imerudi. Kitanda cha ndugu mdogo sasa kiko kando ya chetu, alichagua mwenyewe. Bado anasaga meno, na siku zingine yanatuamsha.

Kitabu kiko kwa mwalimu wa Kiingereza. Alhamisi saa kumi, katika chumba cha mwaka wa sita, madirisha wazi, tutasoma habari ya Janet tena kwa wote wanaotaka, wadogo na wakubwa. Itachukua saa nzima, kwa sababu safari hii tunasoma na sehemu ya mto.